Latvia: Sarafu Ilipona, Watu Wakaondoka

Machi 2011 Latvia ilifanya sensa. Kwa mara ya kwanza wananchi waliweza kujihesabu wenyewe kwa intaneti, kisha makarani wakapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliobaki. Vitabu vya serikali vilikuwa vinasema nchi ina watu kama milioni 2.23. Sensa ikakuta 2,070,371. Watu zaidi ya 150,000 walikuwemo kwenye madaftari lakini nyumbani hawakuwepo. Walikuwa Ireland, Uingereza, Ujerumani, Norwei, na wengi wao hawakuona sababu ya kupita ofisi ya serikali kuaga kabla ya kupanda ndege.

Katika miaka hiyohiyo, wakubwa wa fedha duniani walikuwa wameanza kuitaja Latvia kama mgonjwa aliyekunywa dawa chungu akapona. Juni 2012 Christine Lagarde, mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), alifika Riga na kuisifu nchi hiyo hadharani kwa kazi iliyofanya. Sifa zile zilikuwa na msingi. Sensa nayo ilikuwa sahihi. Watu wengi huzieleza habari hizi mbili kama mambo mawili tofauti, moja la uchumi na jingine la idadi ya watu, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kuondoka kwa watu kulikuwa sehemu ya ile tiba, ingawa hakuna aliyekuandika kwenye cheti cha daktari.

Nchi yenyewe na kipimo chake

Latvia ipo kwenye Bahari ya Baltiki, Estonia kaskazini yake na Lithuania kusini, Urusi na Belarus mashariki. Ina kilomita za mraba karibu 64,600, zaidi ya nusu yake misitu, na theluthi moja ya watu wake wanaishi mji mkuu, Riga.

Msomaji wa huku kwetu anaweza kuipima kwa Zanzibar. Sensa ya mwisho ya Kisovieti, mwaka 1989, iliikuta Latvia na watu 2,666,567. Mwaka mmoja kabla ya hapo, sensa ya Tanzania iliikuta Zanzibar na watu takriban 640,000. Kwa hiyo Walatvia walikuwa mara nne ya Wazanzibari. Sasa angalia: sensa ya Latvia ya 2021 ilihesabu 1,893,223, na sensa ya Zanzibar ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Wamekutana njiani, mmoja akipanda ngazi na mwingine akishuka. Wakati ninaandika haya Zanzibar imeshapita mbele. Na kwa Walatvia wenyewe kipimo kinachouma zaidi ni kingine: mwaka 1935, kabla ya vita na kabla ya Wasovieti, nchi yao tayari ilikuwa na watu milioni 1.9. Leo iko chini ya hapo.

Anguko la kwanza halikutoka Brussels

Wapo wanaoulaumu Umoja wa Ulaya (EU) kwa kila kitu. Hesabu haiwaungi mkono. Kati ya sensa ya 1989 na ile ya 2000, kabla ya Latvia kujiunga na umoja huo, watu walikuwa wameshapungua kwa karibu 290,000 na kubaki milioni 2.38. Wengi walioondoka wakati huo walielekea mashariki.

Kisa chake ni kirefu. Wasovieti waliigeuza Latvia kuwa karakana. Kiwanda cha VEF mjini Riga kilitengeneza redio na simu. Kiwanda cha RAF huko Jelgava kilitengeneza yale mabasi madogo yaliyotumika Umoja wa Kisovieti mzima kama magari ya wagonjwa na kama usafiri wa abiria mijini. Ukitaka, ziite daladala za Kisovieti. Wafanyakazi waliletwa kutoka Urusi, Belarus na Ukraine. Wakati huohuo Walatvia wenyewe walikuwa wamepungua kwa vita, kwa kukimbilia magharibi mwaka 1944, na kwa kusombwa hadi Siberia: takriban 15,000 Juni 1941, na takriban 42,000 Machi 1949. Kutoka robo tatu ya watu wote mwaka 1935, kufikia 1989 Walatvia kwa asili walikuwa asilimia 52 tu katika nchi yao.

Agosti 1991 uhuru ulirudi. Soko la Kisovieti likafa, malighafi ya bei rahisi ikakatika, na ndani ya miaka mitatu pato la taifa lilishuka kwa karibu nusu. RAF ilifunga milango kabla muongo haujaisha. Wanajeshi wa Urusi waliondoka kufikia tarehe 31 Agosti 1994, isipokuwa wale wa kituo cha rada cha Skrunda waliokaa hadi 1998 na kuacha nyuma yao mji mzima wa maghorofa usio na mtu. Uraia haukutolewa moja kwa moja kwa waliohamia wakati wa Wasovieti wala kwa watoto wao, na watu takriban 700,000 wakajikuta na pasi ya kusafiria iliyoandikwa kwamba si raia. Mwaka 1992 peke yake waliotoka waliwazidi walioingia kwa zaidi ya 50,000.

Kuhusu kuondoka huko, maoni ndani ya Latvia yaligawanyika na bado yamegawanyika. Kwa wengi lilikuwa jambo la haki, wageni wa dola la kigeni wanarudi kwao. Sitaingia kwenye ugomvi huo. Ninachotaka msomaji akishike ni kitu kilichotokea chini yake kimyakimya: uzazi ulianguka. Mwaka 1987 walizaliwa watoto zaidi ya 42,000. Mwaka 1998 walizaliwa takriban 18,400, na wastani ulikuwa mtoto 1.1 kwa kila mwanamke. Mishahara ilikuwa haijulikani itatoka lini, benki kubwa kuliko zote, Banka Baltija, ilianguka mwaka 1995 na akiba za watu, na wenye busara waliahirisha kuzaa. Kizazi hicho kidogo tutakutana nacho tena.

Miaka minono

Tarehe 1 Mei 2004 Latvia iliingia Umoja wa Ulaya. Nchi tatu zilizokuwa tayari ndani ya umoja huo, Ireland, Uingereza na Uswidi, zilifungua soko la ajira siku hiyohiyo. Ujerumani na Austria zilisubiri hadi 2011. Kijana wa mashambani huko Latgale, ambaye jana yake alihitaji kibali cha kazi, sasa alihitaji tiketi ya ndege tu.

Fedha nazo zilikuja kwa mlango mwingine. Benki za Uswidi, hasa Swedbank na SEB, ziligombania wateja Riga, zikatoa mikopo ya nyumba kwa riba ya chini, mingi kwa euro. Lats, sarafu ya Latvia, ilikuwa imefungwa kwa euro tangu Januari 2005 kwa kiwango cha 0.702804, kwa hiyo mkopaji hakuona hatari: mshahara lats, deni euro, na uzi kati yao haukatiki. Uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mwaka 2006 ukakaribia 12. Nakisi ya biashara na nje ilipita asilimia 20 ya pato la taifa. Nchi ilikuwa inaagiza magari na samani kwa fedha za kukopa. Waziri Mkuu Aigars Kalvītis alizungumzia miaka minono, *treknie gadi*, na neno hilo limebaki kwenye vinywa vya Walatvia hadi leo, ila sasa hulitamka kwa kejeli.

Kitu cha ajabu katika miaka hiyo, na nadhani ndicho kilichopuuzwa kuliko vyote, ni kwamba watu waliendelea kuondoka hata mambo yalipokuwa mazuri. Mafundi ujenzi walikwenda Dublin wakati Riga yenyewe ilikuwa inajenga kama imepagawa. Waajiri wakakosa watu, wakapandisha mishahara haraka kuliko tija ilivyopanda, bei zikafuata. Mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 18 katikati ya 2008. Hivyo kabla mgogoro haujaingia, kuhama kulikuwa kumeshaupasha uchumi moto. Kisha mgogoro ulipoingia, kuhama kukaupoza.

Lats mbili

Novemba 2008 wateja wa Parex, benki kubwa kuliko zote zilizomilikiwa na wazawa, walianza kukimbiza fedha zao. Serikali ikachukua asilimia 51 ya hisa kwa bei ya lats mbili. Ndiyo, mbili, bei ya kikombe cha kahawa. Mzigo uliokuja na hisa hizo haukuwa wa bei ya kahawa, na Desemba nchi ilikuwa inapiga hodi kwa IMF na Umoja wa Ulaya. Mkopo uliopangwa ulikuwa euro bilioni 7.5, nchi za Nordiki nazo zikiwa miongoni mwa wakopeshaji.

Katika siku hizo Waziri wa Fedha Atis Slakteris alihojiwa na televisheni ya kimataifa ya habari za biashara, akaulizwa kulikoni. Akajibu kwa Kiingereza chake kizito kwamba hakuna la ajabu. Jibu lile Walatvia waliliandika kama lilivyosikika, *nasing spešal*, wakalichapisha kwenye fulana. Kama unataka kuwajua Walatvia, anza na fulana ile.

Uamuzi mkubwa ulikuwa mmoja: kuishusha thamani ya lats au kuiacha ilipo. Kila mchumi aliyesoma kitabu kimoja angesema ishushwe. Bidhaa za nje zingekuwa ghali, za ndani zingeuzika, kazi zingerudi. Iceland, iliyokuwa motoni wakati huohuo, iliiacha sarafu yake ianguke. Ndani ya IMF kwenyewe walikuwepo waliotaka uzi ulegezwe, na Olivier Blanchard, aliyekuwa mchumi mkuu wa shirika hilo, alikiri baadaye kwamba yeye ni mmoja wa walioamini kuing'ang'ania sarafu kungeleta maafa.

Lakini mikopo ilikuwa kwa euro. Shusha lats kwa asilimia 30 na kila mwenye deni la nyumba ataamka asubuhi na deni lililonenepa kwa zaidi ya asilimia 40. Benki za Uswidi zingetikisika. Estonia na Lithuania, zenye sarafu zilizofungwa vivyo hivyo, zingefuata kuanguka. Na Latvia ilikuwa imeitolea macho euro: ukishusha sasa, unaanza foleni upya. Riga ikachagua kuiacha lats ilipo na kushusha kila kitu kingine, yaani mishahara, pensheni na matumizi ya serikali. Wachumi hukuita huku kushusha thamani kwa ndani. Kwa lugha ya sokoni: usipopunguza urefu wa kanga, itabidi upunguze mwili wa mvaaji.

Na mwili ulipunguzwa. Tarehe 13 Januari 2009 maelfu waliandamana katika mji wa kale wa Riga, na usiku ukaishia kwa mawe na vioo vya bunge kuvunjwa. Februari serikali ya Ivars Godmanis ikaanguka. Machi akaingia Valdis Dombrovskis, mtu wa miaka 37, mpole wa sauti, asiyejulikana sana na umma. Wafanyakazi wa serikali walikatwa mishahara kwa robo na zaidi, walimu wakiwa miongoni mwa walioumia. Hospitali na shule zilifungwa au kuunganishwa. Kodi ya ongezeko la thamani ilipandishwa kutoka asilimia 18 hadi 21. Pensheni zilikatwa kwa asilimia 10, na za wastaafu waliokuwa bado wanafanya kazi kwa asilimia 70, hadi Mahakama ya Katiba iliposema Desemba 2009 kwamba makato hayo ni kinyume cha katiba na fedha zirudishwe. Uchumi ulishuka kwa zaidi ya moja ya tano ya ukubwa wake. Mwanzoni mwa 2010 mtu mmoja kati ya watano wenye kutaka kazi hakuwa nayo.

Oktoba 2010 wapiga kura wakamrudisha Dombrovskis madarakani. Wachambuzi wa nje walistaajabu: serikali gani hukata mishahara ya watu kwa robo kisha ikashinda uchaguzi? Sehemu ya jibu ni tabia ya Walatvia, ambao huvumilia kwa kununa kuliko kwa kupiga kelele. Sehemu nyingine ni kwamba wengi wa wale ambao wangepiga kelele walikuwa wameshapiga kura kwa miguu.

Uyoga wa Ireland

Kwa Kilatvia, kwenda Ireland kuchuma uyoga imekuwa karibu methali. Kweli wengi waliingia kwenye mabanda ya uyoga, wengine kwenye viwanda vya kufungasha nyama na mboga, kwenye mashamba ya mashariki mwa Uingereza, kwenye maghala. Watanzania walioko ughaibuni wana jina la kazi za namna hii: kubeba boksi. Mwalimu wa fizikia mwenye shahada alipanga uyoga kwenye trei, na kwa wiki mbili akapata alichokuwa anakipata kwa miezi miwili nyumbani. Sensa ya Ireland ya 2011 ilikuta raia wa Latvia 20,593 nchini humo. Riga nako kulikuwa kunapigwa mzaha: atakayeondoka mwisho akumbuke kuzima taa uwanja wa ndege.

Mchumi Mihails Hazans wa Chuo Kikuu cha Latvia, aliyelifuatilia suala hili kuliko yeyote, alikadiria kwamba katika muongo ulioishia 2010 waliondoka watu kama 200,000. La maana zaidi katika kazi yake ni namna alivyoyatofautisha mawimbi. Walioondoka kabla ya mgogoro, wengi walikwenda kutafuta fedha, mmoja kutoka familia, akituma nyumbani na kupanga kurudi. Walioondoka baada ya 2008 walikuwa zaidi watu wenye kazi na elimu, wakiondoka na mke na watoto, wakisema hawaoni mbele. Mwaka 2010 peke yake walitoka karibu 40,000. Anayeondoka na begi hurudi. Aliyemwandikisha mtoto shule Peterborough, Uingereza, ngoja uone.

Sasa turudi kwenye lile swali la tiba. Ukosefu wa ajira ulishuka kutoka asilimia 20 mwaka 2010 hadi kama 12 mwaka 2013, na hili lilitangazwa kama uthibitisho kwamba dawa imefanya kazi. Lakini kiwango hicho ni sehemu: juu kuna wasio na kazi, chini kuna nguvukazi yote. Kila asiye na kazi anayepanda ndege hupungua juu na chini kwa pamoja, na kiwango kinashuka bila hata ajira moja kuzaliwa. Sisemi hakuna ajira zilizozaliwa. Viwanda vya mbao, chakula na vyuma vilifufuka kwa kuuza nje, na vilifufuka kwa kasi. Ila idadi ya watu walio kazini Latvia haijarudi hadi leo kwenye ile ya 2008.

Pato la kila mtu nalo lina tabia hiyohiyo. Gawanya keki kwa watu wachache na kila kipande kinanenepa. Mwaka 2000 Mlatvia wa kawaida alikuwa na chini ya asilimia 40 ya pato la wastani la Umoja wa Ulaya, kwa kuzingatia tofauti za bei. Miaka ya karibuni anazunguka asilimia 70. Hilo si jambo dogo hata kidogo, na anayeitembelea Riga leo na kukumbuka ya 1993 hawezi kusema nchi imeshindwa. Barabara, maduka, mavazi ya watu, vyote vinashuhudia. Ninachosema ni kwamba kipimo hiki hakina safu ya kuandika waliotoka.

Kitu kimoja kina safu hiyo, na ndicho kilichonifanya niandike kisa hiki: mfumo wa pensheni. Tangu 1996 Latvia ina mfumo ambao michango ya kila mfanyakazi huandikwa kwenye akaunti yake kama vile ni akiba, ilhali fedha zenyewe hutumika papo hapo kuwalipa wastaafu wa leo. Akaunti ni ya maandishi. Ili maandishi hayo yasipitwe na hali halisi, kila mwaka huzidishwa kwa kipimo kinachofuata jumla ya mishahara yote inayokatwa michango nchini. Ni ujanja mzuri: uchumi ukikua, akiba ya kila mtu inakua. Na ukinywea? Mishahara ilipokatwa na walipaji wakahama kwa pamoja, jumla ile ilishuka, kipimo kikawa chini ya moja kwa miaka mitatu mfululizo, na akaunti za watu zikapungua kwenye karatasi wakati wao wenyewe walikuwa hawajagusa hata senti. Mtu aliyestaafu 2011 alipata pensheni ndogo kuliko jirani yake aliyestaafu 2008 kwa kazi ileile. Ilibidi sheria irekebishwe na pensheni za waliostaafu kati ya 2010 na 2015 zipigwe hesabu upya. Ndiyo maana nasema muuguzi aliyeko Dublin na bibi aliyeko Rēzekne, mashariki mwa Latvia, wameunganishwa kwa namba, hata kama hawajuani. Umri wa kustaafu, uliokuwa miaka 62 hadi 2013, ukapandishwa miezi mitatu kila mwaka hadi kufika 65 mwaka 2025.

Upande wa mashariki

Wastani wa nchi unaificha Latgale. Huu ni mkoa wa mashariki, mpakani na Urusi na Belarus, wa Wakatoliki wengi, wa maziwa, na maskini kuliko mikoa yote. Mji wake mkubwa ni Daugavpils. Mwaka 1989 ulikuwa na watu karibu 125,000, wengi wakizungumza Kirusi, wakifanya kazi reli na viwandani. Sasa wako kama 80,000. Mwana maarufu wa mji huu, mchoraji Mark Rothko, alizaliwa hapo mwaka 1903 na kuhamia Marekani akiwa na miaka kumi. Tangu 2013 mji una kituo cha sanaa chenye jina lake. Hata fahari ya mji ni mtu aliyeondoka.

Vijijini ni kuzito zaidi. Shule inapobaki na watoto wachache hufungwa. Ikifungwa, familia yenye watoto huhama, na duka hukosa wateja, basi likakosa abiria. Mwaka 2021 serikali iliunganisha mamlaka za mitaa kutoka 119 hadi 43, kwa hoja ya kwamba ofisi ya halmashauri haiwezi kuendeshwa kwa watu elfu mbili tatu. Hoja inaeleweka. Lakini ofisi ilikuwa mwajiri wa mwisho katika baadhi ya miji hiyo midogo.

Ndugu watatu

Je, haya yote yalikuwa lazima? Hapa Estonia na Lithuania zinasaidia, kwa sababu ni kama ndugu waliougua ugonjwa mmoja nyumba moja. Zote zilitawaliwa na Wasovieti, zote ziliingia Umoja wa Ulaya siku moja, zote zilikuwa na sarafu iliyofungwa na zote zilikatwa na mgogoro wa 2009. Zote zilipoteza watu. Lakini Estonia tangu katikati ya miaka ya 2010 inapokea watu wengi kuliko inaowatoa, wakiwemo Waestonia wanaorudi kutoka Finland, iliyo safari ya saa mbili kwa meli. Lithuania, iliyopoteza watu wengi kuliko hata Latvia, iligeuka karibu 2019 na kuanza kuvuta Wabelarusi na Waukraine. Latvia imechelewa. Ukiondoa wimbi la wakimbizi wa Ukraine la 2022, mizani yake imebaki hasi au karibu na sifuri.

Kwa nini? Naona sababu mbili. Ya kwanza ni fedha za wengine. Kwa miaka mingi Latvia iliishi kwa kupitisha vitu: mafuta na makaa ya mawe ya Urusi kupitia bandari za Ventspils na Riga, na fedha za watu wa mashariki kupitia benki za Riga. Mapato ya namna hiyo hunufaisha wachache na hayahitaji watu wengi. Yote mawili yamekauka. Benki ya ABLV ilijifunga mwaka 2018 baada ya Marekani kuituhumu kwa utakatishaji fedha, na mizigo ya bandari iliyokuwa takriban tani milioni 75 mwaka 2012 imeshuka hadi karibu nusu. Estonia ilianza mapema kujenga kampuni za programu, zenye mishahara inayomrudisha mtu nyumbani.

Ya pili ni hofu, na hofu hii ina historia. Nchi iliyowahi kukaribia kuwa na wenyeji wachache kuliko wageni haikaribishi wageni kwa moyo mweupe. Mwajiri wa Riga anataka madereva wa malori kutoka Uzbekistan na wapishi kutoka India, na wanakuja kwa kiasi. Wanafunzi wa Kihindi wamekuwa sehemu ya mitaa ya Riga na ya pikipiki za kusambaza chakula. Bungeni, kila mjadala wa kuongeza vibali huishia kwenye lugha. Anayewacheka kwa hilo azisome kwanza takwimu za 1989. Ninawaelewa, na bado nadhani hesabu haiwaruhusu.

Badala ya wageni, serikali imewekeza matumaini kwa wanaorudi. Tangu 2018 kila mkoa una mratibu wa kuwasaidia wanaorejea kupata kazi, nyumba na shule, na tangu Januari 2019 kuna sheria maalumu ya Walatvia walio nje. Wanarudi elfu chache kwa mwaka. Baada ya Uingereza kujitoa kwenye Umoja wa Ulaya wengine waliongezeka. Ila aliyeondoka 2010 na mtoto wa miaka minne, leo ana mtoto mwenye lafudhi ya Kiingereza na mchumba wa huko.

Kizazi kidogo kinafika zamu

Niliahidi kurudi kwa watoto wa miaka ya tisini. Katikati ya miaka ya 2010 uzazi Latvia ulionekana kupona. Mwaka 2016 wastani ulifika watoto 1.7 kwa kila mwanamke, na wanasiasa walijipongeza kwa posho za malezi. Waliokuwa wanazaa wakati huo walikuwa mabinti wa miaka ya themanini, kizazi kikubwa cha mwisho cha Kisovieti, wale waliobaki. Sasa zamu imefika kwa waliozaliwa 1995 hadi 2000. Ni wachache tangu kuzaliwa, sehemu yao waliondoka na wazazi mwaka 2010, na waliobaki wamekutana na ugonjwa wa korona, bei za nishati na vita jirani. Mwaka 2023 walizaliwa watoto takriban 14,500 na wakafa watu takriban 28,000. Mwaka 2024 waliozaliwa walikuwa chini ya 13,000.

Nchini Latvia, tarehe 1 Septemba, watoto huenda shule na maua mkononi kwa ajili ya walimu wao. Waliozaliwa 2024 wataingia darasa la kwanza Septemba 2031. Kwenye ofisi za halmashauri hesabu ya madarasa yatakayohitajika siku hiyo imeshaanza kupigwa, na haihitaji makadirio yoyote, kwa sababu watoto wote watakaoingia wameshazaliwa. Kisichojulikana ni wangapi kati yao watakuwa wanabeba maua hayo Latvia.